Haraka Yako Iache Bandarini

Mkazi wa Dar es Salaam akitoka nyumbani, njia kwake ni kitu cha kumaliza. Anaipita kichwa chini, mkoba kifuani, na akifika aendako bila kusimamishwa na mtu anaona siku imeanza vizuri. Nimekulia katika mwendo huo. Nilipovuka maji kwenda Unguja kumtembelea dada yangu aliyeolewa Paje, nilikwenda nao, na botini hawakunitoza mzigo wa ziada. Wangenitoza, ningeuacha bandarini na mengi yangeniepuka.

Unguja njia ina wenyewe. Kila baada ya hatua chache kuna watu wamekaa: chini ya mwembe, juu ya ukuta wa mawe, kwenye ngalawa iliyopinduliwa ikingoja fundi. Wamekaa kama wenye nyumba wanavyokaa ukumbini, na wewe unayepita ndiye uliyeingia.

Hayo sikuyajua asubuhi ile dada aliponituma boflo. Duka linaonekana kutoka mlangoni kwake. Hata bei ya soda unaisoma ukiwa bado umesimama kizingitini. Nikavaa ndala, nikakaza mwendo, na wote waliokaa njiani nikawagawia mkono mmoja wa juu kwa juu. Nikarudi boflo zikiwa bado za moto. Nikajiona mtu wa maana.

Kabla ya adhuhuri hodi ikapigwa. Akaingia bibi mmoja, mtandio kichwani, mikononi bakuli lililofunikwa sahani, na harufu ya pilipili manga ikatangulia kukaa kabla yake. Akamwinamia dada.

"Hajambo sasa?"

"Nani, bibi?"

"Mgeni wenu. Kapita asubuhi hana salamu, hana neno. Tukasema huyu ama ana homa, ama kafiwa."

Dada akanitazama. Mimi nikatazama bakuli. Ulikuwa uji wa mchele, mzito, wa tui la nazi, na bibi alikuwa amekwisha ufunua. Uji ule uliletwa kwa ajili ya mgonjwa. Nikakohoa.

"Pole, mwanangu."

"Nimeshapoa, bibi. Shikamoo," nikasema, mkono uko kwenye kijiko.

Laiti mambo yangeishia kwenye uji. Jioni wakaja wengine wawili, nao wakaleta dawa. Ilikuwa ya mwarobaini, imechemshwa tangu alasiri, na wote wawili walisimama mbele yangu kuhakikisha naimaliza hadi tone la mwisho. Mwarobaini una uchungu wa kumfanya mtu asalimie hata mti.

Kwa hiyo kesho yake nilitoka nimejiandaa. Nilianza na mzee aliyekaa kwenye ngalawa.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Hujambo?"

"Sijambo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Umeamkaje? Homa?"

"Imeondoka."

"Alhamdulillahi. Na dada yako? Na watoto?"

"Wazima."

"Na Dar es Salaam?"

"Wazima."

"Wote?"

Hapo nikasita. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Dar es Salaam watu zaidi ya milioni 5, na mzee alikuwa amenyamaza anasubiri jibu. Nikasema wote wazima, kwa niaba yao, nikaenda kwa mzee wa pili, aliyenisikia nikijibu kila swali la wa kwanza na ambaye akaanza upya tangu mwanzo. Nilipofika dukani boflo zimekwisha. Muuzaji alinipa pole, akaniuliza kuhusu homa.

Paje ina barabara ya lami itokayo mjini. Ina pia barabara nyingine, pana zaidi, nyeupe, isiyo na shimo hata moja, ila hufungwa mara mbili kila siku. Hiyo ni pwani. Maji yakitoka, bahari hujivuta mbali kuelekea kwenye mwamba, na mji mzima hushuka kwenye mchanga. Wanawake huenda kwenye mwani, kilimo kilichoingia pande hizi za Paje na Jambiani mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanafunga vishada kwenye kamba, kamba kwenye vigingi vilivyopigwa mchangani, wameinama jua lote. Mwani ukikaushwa hupelekwa ng'ambo ukakamuliwe ute wa kugandishia vitu, ikiwamo dawa ya meno, kwa hiyo huenda leo asubuhi ulipiga mswaki na kidogo cha kusini Unguja kinywani. Pembeni yao watoto wanacheza mpira, vijana wa Kimasai wanauza shanga, baiskeli zinapita na samaki, ng'ombe wanatembea ufukweni bila mchungaji wala haya. Na wageni kutoka Ulaya wanajifunza kuteleza majini wakivutwa na tiara kubwa. Pepo za kusi na kaskazi, zilizokuwa zikileta majahazi ya Arabuni na kuyarudisha, siku hizi zina kazi ya kumburura mwanafunzi kifudifudi mbele ya ng'ombe.

Nilikuwa na kanzu kwa fundi, Jambiani. Shemeji akaniambia nipite pwani, ndiyo njia nzuri.

"Nenda maji yakitoka," akasema, "urudi kabla hayajajaa."

"Saa ngapi, shemeji?"

Akatoka nje, akaitazama bahari, akauhesabu mwezi kwa vidole.

"Bamvua hili. Usikawie."

Nilitaka tarakimu, nikapewa mwezi. Lakini mwenyeji wa Paje ana sababu. Saa ya maji kujaa haikai mahali pamoja, kila siku inasogea karibu dakika 50, na siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji ya Unguja hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 4. Ratiba ya namna hiyo huwezi kuibandika ukutani. Unaishi nayo tangu utotoni au unalowa.

Fundi alikuwa amebakiza ukosi tu. "Dakika tano," akasema, akaanza kutafuta uzi. Tukaongea. Nilipotoka na kanzu yangu kwenye mfuko, pwani ilikuwa bado nyeupe na pana, nikaanza safari bila wasiwasi. Dalili hazikukosekana. Wanawake wa mwani walikuwa wanarudi juu na magunia kichwani. Goli moja la watoto lilikuwa limehamishwa, kisha mpira wenyewe ukaondoka. Nilipokumbuka kuwatafuta ng'ombe, hakukuwa na hata mmoja. Ng'ombe wa Paje hawajaenda shule lakini hawajawahi kukutwa na maji. Wao walikuwa nyumbani kitambo, wanacheua.

Maji hayakuja kwa vurugu. Yalikuja kwa adabu, yakajaza vijia vya mchanga mbele yangu, yakapita nyuma yangu, yakaniuliza hali kwenye vifundo vya miguu, kisha magotini. Kulia bahari, kushoto ukuta wa hoteli. Kanzu nikaiweka kichwani. Kiuno kilipoanza kulowa nikaona ngazi za mawe kwenye ule ukuta, nikapanda, nikatokea katikati ya vitanda vya jua na mlinzi aliyevaa sare.

Mlinzi alinikaribisha kwa Kiingereza. Nikamjibu kwa kutikisa kichwa, maana nilikuwa natema maji. Akanikaribisha kwa Kiitaliano. Nikasema, "Asalaam aleikum." Uso wake ukafunguka.

"Kumbe wetu! Chumba namba ngapi?"

"Sina chumba, kaka. Nina kanzu."

Akaitazama kanzu iliyo kichwani, akanitazama mimi, akaitazama bahari, na hakuuliza zaidi. Kisha, kwa kuwa kila jambo lina utaratibu wake, akaanza salamu. Natoka wapi, nimefikia kwa nani, huyo shemeji ni mtoto wa nani. Nikajibu yote huku nadondosha maji kwenye sakafu ya watu. Tulipofika kwenye jina la shemeji akapiga kofi.

"Ahaa! Wewe ndiye mgonjwa!"

Akanipitisha mlango wa jikoni hadi barabarani, akamwambia mpishi anipe chai ya tangawizi, kwa ajili ya homa.

Siku ya kwenda mjini, dada alinipa furushi la pweza mkavu nimpelekee shangazi wa shemeji, Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe. Kutoka Paje unapanda gari za 309 au 324, zile za Jambiani na Bwejuu. Langu lilikuwa limejengwa kwa mbao juu ya lori dogo, paa limebeba mizigo, na viti ni mabenchi mawili yanayotazamana. Mkao huo umeondoa uwezekano wa kujifanya humwoni mtu. Goti lako liko kati ya magoti mawili ya mwenzako, na macho yake yako usoni kwako kwa kilomita zipatazo 50. Unasalimia tu.

Gari lilikuwa limejaa. "Nafasi ipo!" utingo akatangaza, na kweli ikawepo, maana tulikaza mbavu tukaitengeneza. Akapanda mama mwenye mtoto mkono mmoja na ndoo ya pweza wabichi mkono wa pili. Akanitazama, akasema, "Nishikie, mwanangu," bila kusema kipi. Nikachagua mtoto, kwa sababu yeye ana mikono miwili tu.

Tulikwenda vizuri hadi Jozani. Ule ndio msitu wa kima punju, ambao asili yao ni Unguja peke yake, na barabarani yamewekwa matuta kuwanusuru na magari. Dereva akapunguza mwendo. Kima mama akavuka na kitoto tumboni, bila kuangalia kushoto wala kulia, abiria wote wakatulia wanamtazama, na katika utulivu ule yule mtoto niliyempakata akaona wasaa wake umewadia. Nilihisi joto pajani. Mama yake akacheka, akaniambia ni dalili ya heri. Aliyekaa mkabala akakubali, akanipa kipande cha gazeti. Aliyekaa kando yake akauliza huyu kijana ni wa wapi, nikaeleza, na tulipofika Tunguu gari zima lilikuwa linajua nimefikia kwa nani, nina furushi la nani, na kwamba sikuwa na homa ila nilikuwa na uvivu wa salamu. Habari hiyo haikutoka kinywani mwangu.

Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na vichochoro vyake havijapanuliwa kwa ajili ya heshima hiyo. Gari haliingii. Vinaingia vespa, baiskeli, paka na mikokoteni ya mahamali. Rafiki yangu aliyewahi kufika Hanoi aliniambia siri ya kuvuka mitaa ya kule yenye mito ya pikipiki: usikimbie, usisite, tembea polepole mwendo mmoja, nazo zitakupisha. Nikaijaribu siri hiyo Mkunazini. Kichochoro kina upana wa vespa moja na nusu bega, na anayepisha ni wewe. Unabandika mgongo ukutani, unavuta tumbo, unageuza vidole vya miguu pembeni, vespa inapita na dereva anakusalimia kwa jinsi alivyo karibu. Ukirudi katikati unasikia "Hodi! Hodi!" nyuma yako, ni hamali na mkokoteni wa magunia ya mchele, na hodi yake ni ya kukuarifu, si ya kungoja ukaribishwe.

Maelekezo ya dada yalikuwa mafupi: nyumba yenye mlango mkubwa wa nakshi. Katika Mji Mkongwe maelekezo hayo ni sawa na kumtafuta Manzese mtu mwenye simu. Kila kona mlango wa nakshi, misumari ya shaba, minyororo na maua ya kuchonga. Nikawasha ramani ya simu. Ile alama ya buluu ikazunguka mara moja, ikatulia baharini. Nikaiacha huko, nikaamua kutumia akili: kona ya kushoto, kona ya kulia, nikatokea kwenye baraza ya wazee wanaocheza bao. Nikapita. Kona nyingine, msikiti, duka la vitenge, kona, baraza ya wazee wanaocheza bao. Walikuwa wale wale. Nikapita tena, upesi, nikijifanya nimekusudia. Salamu za Paje nilikuwa nimeziacha Paje. Nilidhani mjini ni mjini.

Ndipo mvua ya masika ikashuka. Haikuanza na manyunyu. Ilikuja yote pamoja, mabati yakapiga kelele, na baada ya muda mfupi kichochoro kikawa mfereji. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yakateremka na maganda ya machungwa na ndala moja ya mtoto, nami na furushi langu tukiwa katikati yake.

Wajenzi wa zamani walilifikiria jambo hili. Baraza za mawe zilizojengwa kwenye kuta za nyumba zina kazi yake ya kila siku: mwenye nyumba hupokea wageni wake pale nje, kahawa inanywewa, habari za dunia zinaamuliwa, na watu wa ndani hawasumbuliwi. Maarufu kuliko zote ni ile ya Jaws Corner, iliyochukua jina la filamu ya papa ya mwaka 1975. Lakini mvua kubwa ikinyesha, baraza hugeuka njia. Unapanda juu yake, unatembea kwa kufuata ukuta, unaruka hadi baraza ya jirani. Tatizo ni moja: wakati huo ndipo kila mtu amekaa hapo.

Nikapanda. Aliyekuwa wa kwanza akainua miguu nipite. "Shikamoo." "Marahaba." Wa pili akainua miguu na finjani ya kahawa. "Shikamoo." "Marahaba, angalia dele." Nikaliruka dele, makaa yake yakanipasha muundi. Wa tatu alikuwa kijana mwenye boksi la kashata, yeye nikamwambia, "Vipi, kaka?" na mkono wangu ukatua begani kwake, maana ukuta ulikuwa umeisha. Mbele kulikuwa na ubao wa bao na wachezaji wawili. Nikauliza kwa heshima nipite wapi. "Pita juu," mmoja akasema, "lakini usinitikisie kete, nashinda." Nikapita juu. Furushi la pweza likampangusa uso mwenzake, ambaye alinusa, akasema, "Wa Paje huyu."

Mzee wa mwisho hakuinua miguu.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Nikapewa finjani, kahawa chungu, na kashata ya kuituliza. Tukaanza na afya yangu, tukaenda kwa wazazi, tukarudi kwenye mvua. Ilipofika zamu ya swali lenyewe, yule mzee akaweka finjani chini.

"Unatafuta nyumba ya nani?"

Nikamtaja shangazi. Baraza nzima ikanyamaza, kisha ikaangua kicheko, hadi yule aliyekuwa anashinda akatikisa kete zake mwenyewe.

"Huyo ni mke wangu," mzee akasema. "Na mlango ndio huo ulioegemea."

Nikageuka. Ulikuwa mkubwa, wa nakshi.

"Lakini mzee, nimepita hapa..."

"Nimekuona. Ukapita, ukarudi, ukapita tena. Nikawaambia hawa, kijana ana haraka, tusimkawize."

Akagonga mlango kwa kisigino cha mkono, akaita ndani kwamba yule kijana wa Paje ameshafika. Walikuwa wamepigiwa simu tangu asubuhi, kwa hiyo walijua nina furushi, nimekojolewa na mtoto, na afya yangu si ya kuaminika. Shangazi akatoka na bakuli lililofunikwa sahani. Nikasali moyoni liwe la uji.

Lilikuwa la urojo, namshukuru Mungu: bajia, kachori, muhogo wa kukaanga, ukwaju na pilipili ya kutosha kumtoa homa hata asiyekuwa nayo. Tulikula kwenye baraza hadi mvua ikakatika, na katika muda huo alipita mtu mwingine mwenye simu mkononi, akizungushwa na alama ya buluu. Wazee wakamtazama. Yule mzee akanikonyeza. Hatukumkawiza.

Niliporudi Dar es Salaam nilijikuta na tabia mpya isiyo na kazi. Kwenye kituo cha daladala nilimwambia mtu habari za asubuhi, akahamishia simu mfuko wa mbele. Nilimuuliza mwingine hali ya nyumbani, akaniambia hana hela, kaka. Sikukata tamaa. Kariakoo nikasimama mbele ya mama anayeuza nyanya, nikapiga shikamoo, nikamuuliza umeamkaje, watoto hawajambo, biashara inakwendaje, na wa nyumbani wote wazima?

Akanisikiliza hadi mwisho, mkono juu ya fungu.

"Marahaba, baba," akasema. "Bei ile ile."